Insafu ya Mhakiki Kijana

Miongoni mwa kazi za ilimu zifanywazo kwa kimya, ambazo malipo yake hayaonekani sokoni wala hayatangazwi barazani, iko moja ambayo kwa itikadi yangu yastahili kusifiwa kuliko isifiwavyo: kazi ya mwanafunzi apewaye utungo wa kale, shairi au hadithi, akaketi nao, akaupima, akauhoji, kisha akaandika aliyoyaona ndani yake pamoja na sababu za kuyaona. Watu aghalabu huihesabu kazi hii kuwa mzigo wa darasani, utuliwao siku mtihani ukwishapo. Mimi naihesabu kuwa sanaa kamili, yenye daraja zake na adabu zake. Na fadhila yake iliyo kuu ni insafu, maana humfundisha kijana kumpa mtungaji haki yake yote kabla ya kumpa hukumu.

Daraja ya kwanza ni ya sikio. Tungo zetu za kale zilitungwa ziimbwe, na mwanafunzi asiyezitamka kwa sauti amejinyima nusu ya maana yake. Akiisha kuusoma utendi kwa sauti, atatambua mwenyewe kwamba kila kipande kina mizani 8, kwamba vipande vitatu vya mwanzo wa ubeti hukubaliana kwa kina chao, na kwamba kile cha nne hurejea kwenye kina kimoja kinachouunganisha utendi mzima tangu mwanzo hata mwisho. Amri Abedi, alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, aliwawekea vijana wa Afrika Mashariki mlango wa kuingilia katika ilimu hiyo; na wanaodhani kwamba kuhesabu mizani ni kazi kavu isiyo na faida hawajapata kuona jinsi neno adimu, lililochaguliwa kwa ajili ya kina, linavyoweza kuigeuza maana ya ubeti wote.

Daraja ya pili ni ya lugha, nayo yataka subira. Mwanafunzi wa bara afunguapo utungo wa Lamu au Pate hukuta nti mahali pa nchi, na mato mahali pa macho. Na zaidi ya hayo, tungo hizo ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambayo kwa desturi yake ya zamani haikuzitenga wazi sauti za o na u, wala za e na i, hata msomaji akalazimika kukata shauri mwenyewe. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyaeleza, naye mmisionari W. E. Taylor akayahifadhi, hata William Hichens akayatoa kitabuni mwaka 1940. Kijana amwendeaye mzee wa pwani kumwuliza maana ya neno moja lililomshinda anaifuata njia ile ile iliyotuhifadhia diwani hiyo.

Lakini utamu wa kazi wenyewe umo katika daraja ya tatu, ambayo ni kupima maana. Na hapa sioni mfano bora kuliko utendi ambao Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake mwaka 1858, yeye mwenyewe akiwa mgonjwa. Msomaji mwenye haraka husoma nasaha za kumtii na kumtunza mume, akafunga kitabu, akahukumu: ama husema kwamba mama huyu ni kielelezo cha adabu ambacho hakina la kuulizwa, ama husema kwamba alimfunga binti yake minyororo. Mwanafunzi mwenye insafu huyazuia maneno yote mawili, akaurudia mwanzo, akaona kwamba miongoni mwa mambo ya kwanza aliyoambiwa binti ni kusogea na kuketi akiwa na wino na karatasi. Basi binti huyu ajua kuandika! Tena akiendelea mpaka mwisho atamkuta mama akiwaalika wanawake wausome utendi wake na kuufahamu. Hapo swali hukua: mama huyu, aliyejua kwamba mauti yamkaribia, alikuwa akimwachia mwanawe utiifu peke yake, au pia busara ya kuishi kwa salama na heshima katika mji ulivyokuwa, na kalamu juu yake? Wanafunzi wawili waweza kujibu kwa njia mbili mbalimbali, na wote wawili wakasifika, madhali kila mmoja amelitegemeza jibu lake juu ya beti zenyewe. Kwani mhakiki ni kama kadhi, ambaye hukumu yake haina uzito ila kwa mashahidi aliowasikiliza.

Nathari nayo yataka insafu iyo hiyo. Shaaban Robert alipotoa riwaya yake Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza, na wasomaji wengi wameuona utawala huo katika nchi ya kubuni ya riwaya hiyo, ambamo mhusika Karama ashtakiwa na Majivuno. Wazo hilo lina nguvu. Lakini mwanafunzi hodari haliazimi tu kwa mwalimu wake. Hujiuliza kwa nini Karama ajitetea kwa visa vya wajumbe sita, waliotumwa kwa manufaa ya nchi wakarudi wakapewa adhabu mahali pa shukrani. Na akiisha kuona kwamba visa hivyo vyenyewe ndivyo utetezi, atafahamu pia kwamba kitabu hiki chaweza kumsuta kila mtawala achukiaye kusahihishwa, wa jana na wa leo.

Kwa hiyo yanihuzunisha kuona vijana wakikariri majibu yaliyotayarishwa kabla hawajausoma utungo, wakajua kuitaja dhamira ya shairi ambalo hawajalisikia. Laiti wangepewa shairi moja kwa juma zima badala ya kumi kwa siku moja! Maana anayezoea kusoma hivi hapati alama za mtihani tu, bali hupata tabia: hatomhukumu jirani kwa neno moja lililokatwa katika maneno yake mengi, wala hatokubali uvumi usio na ushahidi, wala hatoona haya kuibadili rai yake akionyeshwa ubeti alioupita bila kuuona. Mwalimu amwachiaye mwanafunzi muda wa kuufikia utungo kwa akili yake mwenyewe amemfundisha fasihi, na pamoja na fasihi amemfundisha uadilifu.