Supu ya mwani: kazi inafanyika kabla ya maji

Keki ya siku ya kuzaliwa Korea Kusini ipo. Lakini asubuhi familia nyingi humwekea mwenye siku yake bakuli la wali na bakuli la miyeokguk, supu ya mwani. Ndiyo supu wanayopewa wazazi wiki za mwanzo baada ya kujifungua, kama mtori kwa Wachaga, na mtoto huila kila mwaka kwa heshima ya mama. Basi hata mapishi yake ni ya uzazi: isiwe kali, ishuke kooni kwa urahisi, lakini iwe na nguvu.

Mwani wenyewe, Undaria pinnatifida, hulimwa kwenye kamba baharini, hasa visiwa vya Wando, na huuzwa mkavu. Mpishi mgeni huanza kuharibu hapa, maana ukilowekwa huumuka hata mara kumi. Gramu 20 zinatosha watu wanne. Uloweke kwa maji baridi dakika 20 hadi 30, uufikiche ukiusuuza ili ute uliozidi utoke, uukamue, kisha uukate vipande vya kuingia kwenye kijiko. Usijaribu kwa mwani wa Paje au Jambiani, Zanzibar: ule ni wa jamii nyingine, na ukichemka sana hutoa ute unaoganda ukipoa.

Sasa sufuria. Nyama ya kidari, iliyokatwa vipande vidogo, inakaangwa kwa mafuta ya ufuta na kitunguu saumu. Unafuata mwani na kijiko cha guk-ganjang, soya ya supu, ambayo rangi yake ni hafifu kuliko soya ya kawaida lakini chumvi yake ni kali zaidi. Maji bado. Mwani unageuzwa mpaka unywe mafuta na harufu ya shombo ipungue. Kisha yanatiwa maji kidogo tu na moto unaongezwa. Mchemko huo mkali huyavunja mafuta kuwa matone madogo mno, na mchuzi unaanza kuwa mweupe. Ndipo maji mengine yanaongezwa na moto kupunguzwa, supu itokote nusu saa au zaidi. Ukimimina maji yote kwa mkupuo, mafuta yanaelea juu na mchuzi unabaki mwepesi.

Majani ya vitunguu, ambayo hayakosekani kwenye supu nyingi za Korea, hapa hayatiwi. Wengi husema yanazuia mwili kupata kalisi ya mwani. Mimi naona sababu ya ulimi inatosha: nayo yana ute, na harufu yake huifunika ile ya bahari. Pilipili pia haigusi sufuria hii. Pwani ya Korea, nyama huachwa wakatiwa kome.

Siku moja tu supu hii hukwepwa: siku ya mtihani. Mwani unateleza, na mtahiniwa hataki kuteleza. Aliyezaliwa Novemba, mwezi wa mtihani wa kuingia chuo kikuu, huenda akasubiri bakuli lake hadi jioni.