Mwandishi na Mkusanyaji: Uhakiki wa Desturi za Wasuaheli

Historia ya nathari ya Kiswahili kwa kawaida huanzishwa na Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, iliyotolewa mwaka 1934, kisha ikaendelezwa na kazi za Shaaban Robert. Vitabu vya nathari vilivyopigwa chapa nchini Ujerumani zaidi ya miaka thelathini kabla ya Mbotela havikosi kutajwa, lakini hutajwa pembeni, kama ghala ambamo mwanahistoria na mwanaisimu huingia kuchukua wanachokihitaji. Ni nadra mhakiki wa fasihi kuketi navyo na kuvisoma kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Madhumuni ya makala haya ni kukichunguza kimojawapo, Desturi za Wasuaheli cha mwaka 1903, na kujibu maswali mawili: kazi hii ni ya nani, na ni kazi ya aina gani?

Yafaa kwanza pakumbukwe mahali kilipozaliwa. Seminari ya Lugha za Mashariki ilianzishwa mwaka 1887 katika Chuo Kikuu cha Berlin, ambacho tangu 1949 huitwa Chuo Kikuu cha Humboldt. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Eduard Sachau, mtaalamu wa lugha za Kisemiti. Kazi ya Seminari ilikuwa kuwafundisha wakalimani na maofisa lugha ambazo dola ya Ujerumani ilizihitaji, na kwa kuwa dola hiyo ilikuwa imekwisha kuingia Afrika ya Mashariki, Kiswahili kilipata nafasi yake mapema. Carl Büttner ndiye aliyekifundisha mwanzoni; mwaka 1892 alitoa mkusanyo wa maandiko ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, na mwaka 1894 ukafuata mkusanyo wa fasihi. Baadaye alikuja Carl Velten, aliyekuwa amefanya kazi pwani na kukusanya maandiko huko baina ya 1893 na 1896. Mikononi mwake vilitoka Safari za Wasuaheli (1901), Desturi za Wasuaheli (1903), na Prosa und Poesie der Suaheli (1907).

Mpangilio wa kazi katika Seminari ulikuwa na ngazi mbili. Juu alikuwako profesa au mwalimu wa Kijerumani, aliyefafanua sarufi na kuchapisha vitabu. Chini yake alikuwako mzawa wa lugha yenyewe, aliyezungumza na wanafunzi, aliyesahihisha matamshi yao, na aliyeandika alipotakiwa kuandika. Amur bin Nasur wa Unguja alishika nafasi hiyo ya pili tangu 1891. Mwaka 1900 aliishika Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekuwa amesoma elimu ya dini kwao, na akaendelea nayo hadi 1905. Sehemu kubwa ya Desturi ni maandishi yake. Hata hivyo, kwa muda wa miaka mingi kitabu hicho kilijulikana katika maktaba na katika tanbihi za wasomi kwa jina moja tu: Velten.

Kosa hilo lilirekebishwa kwa kiasi mwaka 1981, tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen ilipotolewa na Chuo Kikuu cha California. Jina la Mtoro liliwekwa katika anwani, pamoja na maelezo kwamba Waswahili wengine nao walichangia. Mwaka 2009 Ludger Wimmelbücker alichapisha kitabu kizima juu ya maisha yake. Kwa hiyo hapana tena udhuru wa kuandika "Velten 1903" kana kwamba Mjerumani huyo ndiye aliyelelewa chuoni Bagamoyo na kuchezwa ngoma za huko. Lakini kurudisha jina ni hatua ya kwanza tu. Ikiwa mhakiki atabadili jina katika orodha yake na kuendelea kukisoma kitabu vile vile kama ghala la habari, atakuwa amemtendea Mtoro haki ya karani, si haki ya mwandishi.

Haki ya mwandishi hupatikana katika sentensi zake. Desturi imepangwa kwa kufuata maisha ya mtu: mimba na kuzaliwa, malezi, chuo, jando na unyago, ngoma, ndoa, maradhi na pepo, utumwa, kilimo na biashara, majumbe, kifo na matanga, na mwisho sheria. Mhimili wa nathari yake ni kiambishi -ki-: mtu akitenda hili, hutendewa lile, asipotenda, hukutwa na jambo kadha. Ni nathari safi, yenye kwenda kwa hatua fupi, isiyoruka jambo. Mwenye kuisoma huona kwamba mwandishi amezoea kufafanua mambo kwa mpango, kama afanyavyo mwalimu wa fikihi anapoeleza masharti ya udhu kabla ya masharti ya sala. Mtindo huo haukuzuliwa Berlin, kwani madarasa ya pwani yalikuwa yameutumia kwa karne nyingi.

Lakini katika mtindo huo nafsi ya kwanza hupotea. Waswahili huwa "wao", ingawa mwenye kalamu ni mmoja wao. Hapa ndipo kitabu cha 1901 kinapofaa kuwekwa kando ya hiki cha 1903. Katika Safari za Wasuaheli Mtoro huyo huyo anasimulia alivyosafiri kwenda Udoe na Uzigua, na neno "yangu" limo katika anwani ya masimulizi yake, kama lilivyo katika masimulizi ya Selim bin Abakari aliyefika hadi Siberia. Huko kiambishi kinachotawala ni -ka-: mtu anaondoka, anafika, anaona, anauliza. Zaidi ya hayo, Mtoro anaandika humo habari za Wadoe na mila zao, yaani yeye ndiye mtafiti, na Wadoe ndio wanaotafitiwa. Basi mkono mmoja, katika muda wa miaka michache, umetoa nathari za aina mbili. Tofauti yake haitokani na uwezo wa mwandishi bali na swali aliloulizwa. Aliyeulizwa "uliona nini?" hujibu kwa -ka- na kwa nafsi yake. Aliyeulizwa "Waswahili hufanya nini?" hujibu kwa -ki-, naye mwenyewe hujiondoa. Swali la pili ndilo lililokuwa swali la Seminari, na ingawa halikuchapwa, limo nyuma ya kila sura.

Kuondoka huko kwa nafsi kuna gharama, na ya kwanza ni ya wakati. Bagamoyo aliyoikulia Mtoro iliingia katika vita vya 1888 na 1889 vilivyoongozwa na Abushiri, ikawa makao ya utawala wa Wajerumani, kisha ikaona makao hayo yakihamishiwa Dar es Salaam. Mji uliopinduliwa namna hiyo katika miaka michache hauwezi kuelezwa ipasavyo kwa -ki- peke yake, kwa kuwa vita si desturi. Fani iliyochaguliwa inaelekea kuyaonyesha mambo kama yasiyobadilika, wakati ambapo mengi yalikuwa yakibadilika mbele ya macho ya mwandishi. Si ajabu kwamba tarehe za miji ya pwani ziliwekwa katika kitabu kingine, kile cha 1907.

Gharama ya pili ni ya mahali. Neno "Wasuaheli" katika anwani ni la masikio ya Kijerumani, kwani mtu wa pwani hulitamka kwa "wa", si kwa "ua". Nalo linadai mengi kuliko yaliyomo. Desturi zinazoelezwa ni za Mrima, na hasa za Bagamoyo na viunga vyake. Msomaji wa Lamu au wa Mombasa atayakuta mengi anayoyajua na mengine asiyoyajua, na cheo cha majumbe, kama kinavyoelezwa humo, atakiona ni cha watu wa upande mwingine. Seminari ilihitaji Mswahili mmoja wa kumfundisha ofisa mmoja. Kwa hiyo Bagamoyo ikawa pwani nzima.

Gharama ya tatu ndiyo nzito zaidi. Katika sura ya utumwa mwandishi anatofautisha mzalia na mtumwa mgeni, anaeleza kazi zao, na anataja miiko ya mavazi: mtumwa wa zamani hakuvaa kofia wala viatu kama mwungwana. Habari hizi ni za thamani kubwa. Lakini ni habari za jicho la mwungwana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na "desturi" iliyoandikwa na aliyelala juu ya kitanda si ile ambayo angeiandika aliyelala chini. Neno lenyewe "desturi" hufunika mzozo, kwa maana huonyesha kana kwamba pande zote mbili zimeridhika. Mhakiki anayelalamika kwamba Mtoro alinyimwa jina lake hana budi kukumbuka kwamba katika sura hii wapo wengine ambao Mtoro naye hakuwapa majina.

Kutokana na hayo, misimamo miwili inayojitokeza mara kwa mara juu ya vitabu vya Berlin haitoshi. Wa kwanza unasema kwamba vilikuwa vyombo vya ukoloni, kwa hiyo viachwe. Ni kweli kwamba nyongeza ya sheria ilimfaa ofisa aliyetarajiwa kwenda kuamua kesi, na kwamba maneno ya watu yalichukuliwa kama pamba, yakasokotwa huko na kuuzwa kwa chapa ya huko. Lakini kuviacha vitabu ni kukubali kwamba vilikuwa mali ya Seminari peke yake. Msimamo wa pili unasema kwamba humo twasikia sauti halisi ya pwani, isiyochanganyika na kitu. Nao ni kosa, kwa kuwa hausikii swali lililoulizwa, wala hauulizi ni pwani ya nani.

Ukweli ni kwamba Desturi ni kazi ya mwanachuoni aliyejibu maswali ya mwajiri wake kwa ujuzi wa madarasa ya kwao. Aliyasoma masharti ya kazi, akayatimiza kwa nathari bora kuliko iliyohitajika. Masharti hayo yalikuwa makali hata nje ya kitabu. Aliyewaeleza Wajerumani taratibu za ndoa ya Kiswahili, tangu posa hadi fungate, alimwoa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904. Mwaka uliofuata walipotaka kwenda kuishi Afrika ya Mashariki, serikali ya koloni iliwakatalia, wakalazimika kurejea Ujerumani. Baadaye alifanya kazi Hamburg chini ya Carl Meinhof, na mwaka 1927 alifariki Berlin. Chuo kikuu kilichomkubali kama mjuzi wa desturi za watu wake kilikuwa cha dola isiyomkubali kama mtu mwenye ndoa yake.

Yapo basi mambo matatu yanayowapasa walimu wa fasihi ya Kiswahili. La kwanza, Mtoro atajwe kama mwandishi, na Velten kama mkusanyaji na mhariri, kila mmoja kwa kazi yake. La pili, Desturi isomwe pamoja na Safari, ili wanafunzi waone jinsi swali linavyoumba sarufi ya jibu. La tatu, vitabu hivi viingizwe katika historia ya nathari kabla ya 1934, si kama utangulizi wa riwaya bali kama tawi lenye fani yake. Mwanafunzi atakayevisoma hivyo atakuwa tayari pia kujiuliza, anapokwenda nyanjani na daftari lake, swali alilobeba ni la nani, na jibu litakapochapwa litaandikwa jina gani.