Choroko, embe bichi na jiko moja la mkaa

Januari ya Dar es Salaam hukutanisha mambo mawili yasiyopendana: joto la kaskazi na mfuko uliotobolewa na sikukuu, ada na sare za shule. Mwili hautaki chakula kizito, na hata ungekitaka, hela ya kitoweo haipo. Mlo ninaouchambua hapa umezaliwa katika mwezi huo: choroko za nazi zilizotiwa embe bichi, dagaa wa nyanya, wali mweupe na kachumbari. Nyama hakuna, jokofu hakuna, moto ni wa jiko moja. Karibu vyote hupatikana gengeni kwa mafungu ya jero na buku. Lakini wape wapishi wawili mafungu yale yale, mmoja atapakua chakula cha kuombwa tena, mwingine atapakua uji wa kijani wenye maganda. Kinachowatenganisha ni kilichotangulia kuingia sufuriani na kilichoambiwa kisubiri.

Kwanza, kwa nini choroko na si maharage? Wengi watasema bei, lakini bei ya maharage sokoni haimalizi gharama yake. Maharage makavu yanaweza kukaa motoni saa mbili, na yakiwa ya zamani, yaliyolala ghalani kwenye joto na unyevu kama huu wetu wa pwani, huwa magumu kiasi kwamba hata kuyaloweka usiku kucha hakusaidii sana. Choroko (pojo, kwa watu wa Mombasa) ni ndogo na ganda lake ni jembamba; zikiwa nzuri, dakika 30 hadi 45 zinatosha bila kuloweka. Tofauti hiyo ni mkaa. Anayepiga hesabu ya chakula bila kuhesabu mkaa anajidanganya, na Januari tena anajichoma, maana kila dakika ya jiko huongeza joto ndani ya nyumba ambayo tayari haikaliki.

Sasa tuje kwenye kosa linaloharibu sufuria nyingi: kutia kitu kichachu mapema. Seli za mbegu hushikamana kwa pektini. Maji ya moto huilegeza pektini, ndipo choroko inapopasuka na kulainika. Asidi huifanya igome kulegea. Mpishi akitia embe bichi, nyanya au ukwaju wakati choroko bado ni ngumu, zitachemka mpaka mkaa uishe na bado zitabaki na kiini cha kutafuna. Kwa hiyo hapa zilipikwa kwa maji matupu hadi zikavunjika kwa kubonyezwa na vidole viwili, ndipo embe likakaribishwa. Wapo wanaofupisha safari kwa magadi. Ni kweli magadi hulainisha haraka, lakini huharibu vitamini B1 na yakizidi kidogo huacha ladha ya sabuni. Kwa choroko sioni haja yake kabisa.

Nazi ilikuwa moja, ikakunwa na kukamuliwa mara mbili. Tui jepesi liliingia pamoja na embe lililomenywa na kukatwa vipande, likachemka kama dakika kumi hadi embe likaanza kuyeyuka pembeni. Tui zito lilingoja. Tui ni mafuta yaliyosambazwa ndani ya maji na kushikiliwa na protini kidogo. Uchachu na mchemko mkali huuvunja mshikamano huo, tui likakatika, mafuta yakaelea juu na mabonge meupe chini. Dawa yake wapishi wa pwani wanaijua tangu zamani: punguza moto, mimina tui zito mwishoni, koroga kwa upawa bila kuondoka, likianza tu kutokota epua. Katika mlo huu embe limefanya kazi ambayo kwa kawaida tungeilipia ndimu kadhaa, na katika msimu wa embe huhitaji kwenda mbali kulipata. Mti wa jirani unatosha, mradi uombe.

Dagaa ndiyo sehemu inayonivutia zaidi, kwa sababu hapo ladha kubwa imetoka kwenye vitu viwili duni. Mwaka 1908 mkemia wa Japani, Kikunae Ikeda, alichunguza mwani uitwao kombu akaona kwamba ladha yake nzito inatokana na glutamati. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Shintaro Kodama, aliikuta inosinati katika samaki aliyekaushwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Akira Kuninaka akaonyesha kwamba vitu hivyo viwili vikikutana mdomoni ladha yake haijumlishwi tu. Huongezeka mara kadhaa kuliko kila kimoja peke yake. Nyanya mbivu ina glutamati. Samaki mkavu ana inosinati. Mama lishe anayerosti dagaa kwa nyanya anafanya anachofanya mpishi wa Kijapani kwa mwani na samaki mkavu, na wala hakusubiri maabara imwambie.

Glutamati ya nyanya huongezeka kadiri inavyoiva, na hapo ndipo mwenye hela chache anapopata ushindi. Zile nyanya laini, zilizoiva kupita kiasi, ambazo muuza genge huzitenga pembeni na kuziachia kwa bei ya kutupa, ndizo bora kwa rosti. Ngumu na nzuri za kuvutia macho zibaki kwa kachumbari. Mpishi wa mlo huu alinunua za aina mbili. Wengi hununua fungu moja zuri, wakalipa zaidi kwa mchuzi wenye ladha pungufu, kisha wakaurekebisha kwa vile vidonge vya kuongeza ladha, ambavyo kwa sehemu kubwa ni chumvi na glutamati ileile waliyoiacha gengeni.

Wapenzi wa dagaa wa Kigoma watanisamehe: kwa kazi hii wa Mwanza wanatosha, mradi wachambuliwe. Vichwa vilitolewa kwa sababu ya uchungu wake. Kisha dagaa walioshwa kwa maji ya moto zaidi ya mara moja, kwa kuwa walioanikwa chini ufukweni hubeba mchanga. Walioanikwa kwenye vichanja husumbua kidogo. Wakakaangwa kwanza bila mafuta hadi unyevu ukakauka, ndipo mafuta kidogo yakaingia. Ukianza na mafuta, dagaa wenye maji huyanywa yote na kubaki laini, nawe unaongeza mengine.

Mpangilio wa moto nao ulifikiriwa. Mkaa uliposhika vizuri ulibeba choroko. Sufuria ikiwa imeshachemka kwa dakika kumi hivi iliepuliwa, ikafunikwa na kuviringishwa kwa khanga nzito, choroko zikaendelea kulainika kwa joto lililobaki wakati jiko linakaanga dagaa. Kisha zikarudi kwa ajili ya embe na tui. Wali ukaja mwisho, maji yalipokaribia kukauka ukapaliwa makaa juu ya mfuniko, makaa ambayo kwingine yangezimwa kwa maji na kupotea. Jiko liliwashwa mara moja tu.

Kachumbari isichukuliwe kama pambo. Vitunguu vilikatwa vyembamba, vikafikichwa kwa chumvi, vikakamuliwa na kuoshwa ili ukali upungue. Nyanya zikafuata, na chumvi ya mwisho pamoja na ndimu zilitiwa watu wakiwa wameshakaa mkekani, kwa sababu chumvi huvuta maji ya nyanya na kachumbari iliyongoja nusu saa huogelea. Ndimu ile mbichi ina kazi nyingine: vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye choroko, ambayo peke yake hufyonzwa kwa shida.

Kilichobaki ni suala la kiporo, na hapa sikubaliani na mazoea ya nyumba nyingi. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus huvumilia mchemko wa wali. Wali ukilala jikoni usiku wa Januari ambao haupoi, bakteria huamka, huzaana na kuweza kuacha sumu isiyoondoka hata ukiupasha asubuhi. Vyakula vya nazi navyo huchacha upesi. Ndiyo sababu mchele ulipimwa kwa vikombe kulingana na walaji, na nazi yote ikaelekezwa kwenye choroko, zikaliwa zikaisha. Kitu kimoja tu kiliachwa kilale: kibakuli cha dagaa kilichotengwa kabla ya nyanya kuingia, wakiwa wamekaangwa hadi kukakamaa. Hao waliliwa asubuhi kwa muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi.