Magurudumu Chini ya Malkia

Wiki moja kabla ya Jumatano ya Majivu, mji wa Santa Cruz de Tenerife, katika Visiwa vya Kanari nchini Hispania, humchagua malkia wa kanivali yake. Mshiriki huingia jukwaani akitabasamu, amezungukwa na manyoya, vito vya kung'aa na vitambaa vinavyompita kimo mara kadhaa. Mavazi mengi huzidi kilo 100. Mabega ya mtu hayawezi kubeba mzigo huo yakacheza na muziki. Unabebwaje, basi?

Kwa magurudumu. Chini ya pindo hufichwa fremu yenye magurudumu madogo, na juu ya fremu hiyo ndipo manyoya na mapambo hupangwa. Mikanda humfunga mshiriki kwenye fremu, uzito ukaenda sakafuni, yeye akabaki na kazi ya kuvuta. Hapa hesabu yake ni ile ya mvuta mkokoteni wa Kariakoo: shida haiko katikati ya safari, iko pale pa kuondoka, pa kukata kona na pa kusimama. Malkia akisita, mzigo ulio nyuma bado unakuja. Akigeuka ghafla, ncha za mabawa husafiri mbali zaidi ya kiuno chake, na fremu nzima huyumba. Kwa hiyo mbunifu stadi huweka vitu vizito chini, karibu na mwili, na kuyaachia manyoya mepesi sehemu za juu na za pembeni. Mtazamaji huona ukubwa, ilhali sehemu kubwa ya anachokiona ni hewa iliyozungushiwa manyoya.

Mikanda hiyohiyo ina hatari yake. Mwaka 2013 vazi la mshiriki mmoja lilishika moto kabla ya fainali, naye akaungua vibaya. Manyoya huwaka upesi, na aliyefungwa kwenye fremu hawezi kuruka akakimbia. Kwa maoni yangu, kifungo kinachofunguka kwa mkono mmoja kina thamani kuliko safu nzima ya vito, na cheche hazina nafasi jukwaani.

Majaji wana vigezo vyao. Mimi ningempa alama za juu mbunifu ambaye vazi lake linageuka mzunguko mzima huku aliyelivaa akiendelea kucheza, mabega yamelegea na pumzi haijamwishia.