Hakaribishwi mtu peponi

Mwaka jana nilipata kibarua cha kutafsiri kipeperushi cha watalii. Mwenye ofisi, katika kichochoro kimoja cha Mji Mkongwe, alitaka maneno ya Kiswahili juu ya picha ya ufukwe. Ya Kiingereza yalikuwa matatu tu: Welcome to Paradise. Nikaandika "Karibu Peponi", nikalipwa, nikarudi zangu Ng'ambo kumwonyesha bibi.

Bibi akavaa miwani, akasoma, akanirudishia karatasi.

"Mjukuu wangu, hakaribishwi mtu peponi. Huombewa."

Nilicheka, lakini usiku sikulala vizuri. Kila neno nilikuwa nimelitafsiri sawasawa, na bado nilikuwa nimewaandikia watu mwaliko wa kufa.

Kiingereza kimelituma neno paradise kazi nyingi. Ni bustani ya Adamu na Hawa. Ni makao ya waja wema baada ya kufa. Ni ufukwe wenye minazi, ni duka la viatu, ni embe tamu. Mgeni akila embe pale Forodhani akasema ni paradise, hakuna atakayeshtuka. Hapa Unguja utalikuta kwenye fulana, kwenye ubavu wa boti, kwenye mlango wa nyumba ya wageni.

Peponi halijatumwa hivyo. Wengi wetu tumelisikia kwanza kwenye tangazo la kifo, redioni au msibani: Mungu amlaze mahali pema peponi. Waislamu wanalisema, Wakristo wanalisema, na anayelisema huwa ameinamisha sauti. Najua kuna mtu ataniuliza kuhusu hoteli ya Shela, kule Lamu, ambayo imeitwa Peponi tangu miaka ya 1960. Kweli ipo. Ila kila nikilisikia jina lile, sikio langu hukimbilia kwenye upepo wa pwani, si kwenye Siku ya Malipo.

Na hapo ndipo neno letu linapoanza kuonyesha ukoo wake. Upepo mmoja, pepo nyingi. Pepo pia ni yule anayempanda mtu kichwani. Jioni familia nzima huenda Forodhani kupunga upepo. Ukisema wanakwenda kupunga pepo, umeshataja ngoma, ubani na mganga. Herufi moja inatenganisha matembezi na uganguzi, na jina la makazi ya milele limekaa katikati yao.

Kiarabu nacho kina jirani wa namna hii. Janna, yaani bustani, na jini hutoka katika mzizi mmoja wenye maana ya kufunika na kuficha. Na paradise yenyewe? Asili yake ni Kiajemi cha kale, neno lililomaanisha mahali palipozungushiwa ukuta. Wagiriki walilichukua kwa ajili ya bustani za wafalme wa Uajemi, na kutoka kwao likasafiri hadi Kiingereza. Tawi jingine la neno hilohilo liliingia Kiarabu likawa Firdaus, na sisi tunalo kila tunapomwombea marehemu pepo ya Firdausi. Kwa hiyo paradise si mgeni kwetu. Alifika zamani kwa njia ya dua. Huyu wa kwenye fulana ndiye aliyekuja juzi.

Haya yote yalinirudisha kwenye riwaya niliyoisoma chuoni kwa Kiingereza. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliichapisha Paradise mwaka 1994. Alipata Nobeli ya fasihi mwaka 2021, na mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakatoa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ambaye naye ni wa hapa. Jina la tafsiri ni Peponi. Miaka 28 kitabu kinachosimulia pwani yetu kilikuwa hakisomeki na bibi yangu, ambaye Kiswahili anakisoma vizuri sana.

Nilipomletea, alidhani ni kitabu cha dini. Alipiga bismillahi, akafungua, akatarajia mito ya maziwa na asali. Akamkuta mtoto wa miaka kumi na miwili, Yusuf, anayechukuliwa na mfanyabiashara anayemwita ami, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Hilo ndilo kosa pekee ninaloliona katika jina la tafsiri: linaweza kumpoteza msomaji pale dukani, akalipita kwa kudhani ni mawaidha.

Lakini baada ya kusoma tena naona Peponi linafanya jambo ambalo Paradise haliwezi. Msomaji wa Kiingereza hulikuta neno likiwa limeshachakaa. Analisikia pamoja na Milton na tangazo la hoteli, na kejeli ya mwandishi imejengwa juu ya uchakavu huo. Kwa Kiswahili neno halijachakaa. Mtoto aliye hai kuwekwa peponi ni jambo la kutisha hata kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Kisha Yusuf anakutana na bibie mwenye nyumba, Zulekha, na kanzu yake inachanwa kwa nyuma. Aliyesoma chuo cha Kurani haelezwi kitu hapo.

Ndani ya nyumba ile kuna bustani yenye ukuta, bwawa katikati, na mifereji minne inayokwenda pande nne. Tulikuwa tukisoma kwa zamu baada ya sala ya Isha, na tulipofika hapo bibi akanisimamisha.

"Bustani yenyewe ya nani?"

Nikamwambia ya tajiri.

"Na anayeitunza?"

Nikamwambia ni mzee Hamdani, mtumwa aliyepewa uhuru akaukataa. Bibi alinyamaza kitambo, kisha akasema niendelee.

Swali lake nilikwenda nalo Jambiani mwezi uliofuata, kwa shangazi yangu. Pale na Paje kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989, na wanaolima wengi ni wanawake. Maji yakitoka wanashuka na kamba na vigingi vyao. Siku hiyo tulikuwa tunarudi na viroba, tukapita mbele ya hoteli moja yenye ukuta mrefu, na kijana wa ulinzi akatuambia tusogee chini zaidi, wageni wanapiga picha. Alimwamkia shangazi kwanza, shikamoo kwa adabu, ndipo akamfukuza. Shangazi aliitikia marahaba, akasogea. Mimi nilikuwa nautazama ukuta. Kiingereza kimesahau kwamba paradise ilikuwa na ukuta, lakini wajenzi hawajasahau.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tafsiri ni kutafuta neno la upande wa pili tu. Karibu Peponi ni tafsiri sahihi, na ni uongo. Peponi juu ya riwaya ni neno lilelile, na ni kweli, kwa sababu kitabu kizima kinauliza nani yumo ndani, nani anamwagilia maji, na nani ana ufunguo. Kipeperushi hakiulizi.

Nilirudi kwa mwenye ofisi nikamwomba abadilishe, aandike Karibu Unguja. Akaniambia vimeshachapishwa, na tangu hapo hakuna mtalii aliyelalamika. Ni kweli. Watalii hawasomi mstari wa Kiswahili.

Nakala yangu bado ipo nyumbani. Bibi anaitumia kushika ukurasa.