Drifti, Kuteleza na Kusereresha: Uhakiki wa Istilahi

Miongoni mwa michezo ya kompyuta ya mashindano ya magari umo mmoja usiojulikana sana hapa kwetu, uitwao Absolute Drift. Ulitolewa mwaka 2015 na kampuni ya Funselektor, ambayo mwaka 2020 ilitoa mwingine, art of rally, na mwaka 2021 ikaiongeza Kenya katika nchi ambazo mchezaji huendesha gari lake humo. Hatukusudii kuupima mchezo huo kama burudani. Tunakusudia kuutumia kama mtihani wa lugha: je, ufundi unaofundishwa humo waweza kuelezwa kwa Kiswahili pasipo kumpoteza msomaji?

Ufundi wenyewe ni huu. Mchezaji hulitazama gari lake kutoka juu. Akiifikia kona, hukata usukani kuelekea ndani, kisha huvuta breki ya mkono au hukanyaga mafuta kwa ghafula, mpaka tairi za nyuma ziache kushika ardhi na mkia wa gari utoke nje. Hapo hukata usukani kinyume cha kona, akalishikilia gari katika mwendo huo wa ubavu kwa kupima mafuta. Akizidisha, gari huzunguka likatazama lilikotoka. Akipunguza mno, tairi hushika tena na ufundi hukoma. Ugumu wote umo katika kipimo hicho.

Sasa tendo hilo tuliiteje? Tumeyapima maneno matatu.

(a) Drifti. Kutohoa ni njia halali ya kuunda istilahi, wala hatuna ugomvi nayo. Lakini kiti hiki kina mwenyewe. Katika taarifa za ujenzi wa barabara, zikiwamo za TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017, drifti ni sakafu ya zege inayokatiza korongo, ili magari yapite juu yake wakati wa kiangazi na maji yapite juu yake wakati wa mvua. Katika Mkoa wa Dodoma, wenye makorongo ya mchanga yanayokauka kwa miezi mingi, neno hilo si geni. Mtumishi akisoma kwamba dereva "alipiga drifti" njia ya Bahi, atadhani gari limegonga zege.

(b) Kuteleza. Hili ndilo linalowajia wafasiri upesi, na ndilo linalopotosha zaidi. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Atelezaye hakukusudia, na kwa hiyo astahili kusamehewa. Udongo mweusi wa mbugani unaponyeshewa, lori huteleza na dereva wake akajiombea salama. Tukiliita tendo la makusudi kwa jina la balaa hilo, tumempokonya fundi sifa yake, na mkosaji tumemwondolea lawama. Wala kunyambua kuwa kutelezesha hakutoshi, kwani watumiaji wa simu wamekwisha kulizoea katika maelekezo ya "telezesha kidole".

(c) Kuserereka. Kwa maoni yetu hapa ndipo pa kusimama. Mzizi huu hutoa jozi iliyo wazi: gari huserereka lenyewe, bali dereva hulisereresha, kama vile mzigo uteremkavyo na mchukuzi auteremshavyo. Kiambishi kimoja kinatuambia kama mtenda yupo au hayupo. Majina nayo hufuata: mserereko ni tukio, msereresho ni ufundi.

Yawezekana msomaji akapinga kwamba kamusi hueleza kuserereka kuwa ni kuteremka kwa kuteleza, hali gari hili liko kwenye tambarare na linakwenda kiubavu. Pingamizi ni la haki. Hata hivyo, walimu na watumishi wa umma wamekwisha kusikia habari za kupandishwa vyeo kwa mserereko. Neno lililoweza kupanda ngazi ya mshahara halitashindwa kwenda upande. Penye haja ya kupambanua, na isemwe "kusereresha kiubavu".

Huenda mtu akatuuliza kwa nini tunapoteza wino kwa ajili ya mchezo wa vijana. Jibu letu ni kwamba mchezo hubaki nyumbani, lakini neno hutoka. Kijana aliyezoea kuvuna alama kwa kuutoa mkia wa gari nje, kesho hukaa nyuma ya usukani wa kweli. Ikitokea ajali, askari huandika taarifa, karani huinakili, na hakimu huisoma. "Gari liliteleza" ni sentensi isiyo na mtu ndani yake. "Dereva alilisereresha gari" ina mtu na ina kusudi. Anayefasiri sentensi ya pili kwa maneno ya kwanza amekwisha kutoa hukumu, tena bila ya kuombwa.

Hatudai kwamba pendekezo letu ndilo la mwisho. Istilahi huzaliwa mezani, lakini hulelewa barabarani. Tunawaomba walimu wa udereva, wafasiri na madereva wa malori ya nyanda za kati walijaribu neno hili midomoni mwao, na wenye neno bora zaidi watuletee. Sharti letu ni moja tu: neno hilo litenganishe aliyeponyokwa na gari na aliyeliponyosha kwa makusudi.