Juu ya Kukisia Nafasi ya Mtoto Katika Chuo Kikuu

Kila mwaka, mnamo mwezi wa Julai, Baraza la Mitihani litoapo matokeo ya Kidato cha Sita, hapa Kariakoo huwako kazi nyingine zaidi ya kununua na kuuza, nayo ni kazi ya kukisia. Muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo, msukuma mkokoteni wa Mtaa wa Msimbazi, shangazi, mjomba, kila mmoja huwa mwamuzi. Huyu asema, "Kijana wetu Muhimbili anaingia", yule asema, "Binti huyu asijisumbue." Kisha neno hilo hupelekwa kijijini kwa simu, na baba aliyeko shambani huliamini kama hati iliyotiwa muhuri, hata akauza ng'ombe kwa ajili yake. Wasomaji wapenzi, nataka tuyapime makisio hayo, maana sisi walimu twayaona madhara yake kila mwaka.

Kosa la kwanza ni kulitazama daraja na kusahau yaliyomo ndani yake. Yafaa mjue ya kuwa hesabu zitumikazo ni mbili, nazo zaenda kinyume. Baraza la Mitihani huihesabu A kuwa 1, B kuwa 2, C kuwa 3, D kuwa 4, na E kuwa 5. Basi mwenye jumla ndogo ndiye aliyeshinda zaidi, na kutoka 3 hata 9 ni Daraja la Kwanza. Lakini Tume ya Vyuo Vikuu huihesabu A kuwa 5, B kuwa 4, C kuwa 3, D kuwa 2, na E kuwa 1. Kwake mwenye jumla kubwa ndiye bora. Mtoto mwenye A tatu ana 3 kwa Baraza na 15 kwa Tume. Basi mzazi aambiwaye pointi bila kuambiwa ni za hesabu ipi, hajaambiwa neno.

Tena tazameni watoto wawili. Wa kwanza ana A ya Fizikia, B ya Baiolojia na E ya Kemia. Jumla yake kwa Baraza ni 8. Wa pili ana C katika masomo yote matatu. Jumla yake ni 9. Wote wawili ni Daraja la Kwanza, na mtaa utamsifu wa kwanza kuliko wa pili. Walakini wakiomba kusomea udaktari wa tiba, wa kwanza hukwama mlangoni, maana kozi ile haikubali Kemia ya E. Na wa pili, ambaye hakusifiwa, hutimiza masharti. Chuo hakitazami jumla peke yake. Hutazama na alama ya kila somo.

Kosa la pili ni kudhani kwamba aliyetimiza masharti amekwisha kupata nafasi. Kwa desturi, ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4 kwa hesabu ya Tume humruhusu mtu kuomba shahada ya kwanza. Lakini ruhusa ya kuomba si kiti cha kukalia. Wenyeji wa Kariakoo walijua jambo hili katika biashara: mtu aweza kuwa na fedha ya pango mkononi, na asipate fremu, kwa kuwa fremu ni chache na wenye fedha ni wengi. Ndivyo ilivyo katika vyuo. Wakizidi wenye sifa, huchukuliwa kwanza wenye alama za juu, na sharti lililoandikwa kitabuni huwa ni kizingiti tu.

Uchache huu si jambo jipya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwezi wa Oktoba 1961 papa hapa kando ya Kariakoo, katika jengo la chama cha TANU Mtaa wa Lumumba, kwa wanafunzi wa sheria wasiozidi 14; kikahamia Mlimani mwaka 1964. Shule ya udaktari ikaanza Dar es Salaam mwaka 1963, nayo ndiyo iliyokua hata ikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili mwaka 2007. Viti vimeongezeka mno tangu siku zile, na shule zimeongezeka pia. Tena udaktari haufundishwi kwa madawati peke yake. Wahitaji maabara, wodi, na mabingwa wa kumsimamia kila mwanafunzi kitandani pa mgonjwa. Kwa hiyo viti vyake haviongezwi upesi.

Kosa la tatu ni la wale wasemao, "Pasipo kujuana, haingii mtu." Siwacheki wazee wasemao hivi, maana neno lao lina asili. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, alama peke yake hazikutosha. Kijana alitakiwa kwanza afanye kazi, kisha apate maneno mema ya mwajiri na ya chama. Nia ilikuwa kumtoa msomi katika kiburi. Lakini sharti lililoonekana kuwa sawa kwa wote likawaumiza wasichana, hata idadi yao ikapungua, ikabidi wasamehewe. Sharti lile limekwisha kuondolewa. Tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi yake katika vyuo mwenyewe. Kumlipa mwenye stesheneri amsaidie kijana kujaza fomu katika kompyuta ni haki. Kumlipa mtu asemaye ana mkono ndani ya chuo ni kuitupa fedha baharini.

Makisio haya hayaumizi kwa kutia tumaini la uongo tu. Huumiza na kwa kukatisha tamaa. Namjua kijana mmoja wa mtaa wetu mwenye alama zile za A, B na E. Ukoo wote ulisema daktari amepatikana. Akaomba vyuo vitatu, na pote akaandika udaktari. Baba yake akauza ng'ombe wawili. Kijana akakosa pote, na alipozinduka, kozi nyingine zilizomfaa zilikuwa zimejaa. Mwaka ule aliuza kandambili barabarani. Na binti wa nyumba ya pili, mwenye C zake tatu, hakuomba kabisa, kwa kuwa aliambiwa asijisumbue. Huyu wa pili hunisikitisha zaidi, maana kijana alijaribu akakataliwa na chuo, bali binti alikataliwa na jamaa zake.

Basi mtoto apimweje? Ulizeni mambo matatu, kwa taratibu. Kwanza, je, alama ya kila somo yatimiza masharti ya kozi ile, kama yalivyoandikwa katika mwongozo wa Tume wa mwaka uo huo? Pili, nafasi za kozi ile ni ngapi? Tatu, waombao kozi ile kwa kawaida ni wenye alama gani? Hili la tatu halimo kitabuni. Waulizeni walimu wake, na wanafunzi waliochaguliwa mwaka uliopita. Kisha mtoto achague kozi ya tamaa yake, na ya pili iliyo sawa na alama zake, na ya tatu ambayo alama zake zaizidi. Akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, athibitishe kimoja mapema. Na mkopo wa serikali ni shauri jingine. Kupata chuo si kupata mkopo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ninyi wazazi wa mashambani, mpigiwapo simu kutoka mjini, msiridhike na neno "amefaulu." Ombeni msomewe somo moja moja na alama yake, mziandike katika karatasi, mwende nayo kwa mwalimu aliye karibu nanyi, kabla hamjamfungua ng'ombe zizini, na kabla hamjamwambia binti kwamba masomo yake yamekwisha.